Nilivyokunywa Dawa ya Ndama

Kwa miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kufungua mifuniko ya mikebe ya maziwa na kunusa. Kituo chetu cha kukusanya maziwa kiko kando ya barabara ya kuelekea Rongai, na wakulima walikuwa wakipanga foleni hapo kabla jua halijachomoza. Unafungua kifuniko, unainama, unavuta pumzi mara moja. Pumzi ya kwanza ndiyo inayosema kweli, kwa maana ya pili inakuta pua imeshazoea. Kisha unatumbukiza laktomita kuona kama kuna aliyeongeza maji, na unachanganya tone na spiriti kuona kama yataganda. Mimi mara nyingi nilikuwa nimeshajua kabla ya vipimo vyote hivyo, kwa kumtazama tu mwenye mkebe.

Mwenye maziwa mazuri anakutazama wewe. Mwenye maziwa mabaya anautazama mkebe. Mbaya kuliko wote ni yule ambaye ng'ombe wake amedungwa sindano ya ugonjwa wa matiti, akaambiwa amwage maziwa mpaka dawa iishe mwilini, naye akayaleta. Maziwa hayo hayana harufu yoyote, lakini yakiingia kwenye tangi yanaharibu ya kijiji kizima. Watu hao sikuwa na huruma nao. Niliwarudisha majirani, nikamrudisha mzee wa kanisa, na siku moja nilimrudisha shemeji yangu mbele ya foleni nzima, akakaa miezi bila kunisalimia. Nilijiona mwanamke asiyeweza kudanganywa. Kama ninaweza kudanganya, hilo sikuwahi kujiuliza.

Ugonjwa wangu ulianzia kisiginoni, mguu wa kushoto. Ilikuwa alama nyeusi isiyouma, na kwa kuwa nilishinda ndani ya gamubuti, vile viatu vya mpira, kila siku, nililaumu gamubuti. Mwaka mzima nilibadilisha soksi. Hatimaye niliambiwa ni saratani ya ngozi, ile inayozuka kwenye chembechembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Nikakatwa kipande cha kisigino, nikatolewa pia tezi za kinena. Baada ya mwaka mwingine, picha ikaonyesha vidoa kwenye mapafu. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi nje ya kliniki, hapo mjini Nakuru, nikalia mbele za watu bila kujali. Mume wangu alikuwa ameushika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kuku sokoni.

Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alikuwa mpole, na alipenda kueleza, nami napenda kuelezwa.

"Mum, hii dawa haiui cancer," aliniambia. "Mwili wako uko na askari. Hao askari wamewekewa brake, ndio maana wanaona mwizi na hawamshiki. Sisi tunatoa tu brake. Hiyo kazi ingine watafanya wenyewe."

"Na wakikosea nyumba?" nikauliza.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hapo ndio kuna shida. Wakikosea nyumba, unatuambia mapema. Ngozi, kifua, choo, macho, uchovu, kitu yoyote. Usikae nayo, mum. Kuna dawa ya kuwatuliza, lakini lazima tujue mapema."

Nilitoka pale nikiwa na hofu, lakini pia, niseme ukweli, nilikuwa na hamu ya kuona. Miaka yote nimeishi na mwili huu na sikujua umefuga askari waliokalishwa chini. Siku ya kwanza ya kutundikiwa chupa nilishangaa kuona dawa yenyewe ni nyeupe kama maji ya mvua. Nilimwomba nesi aniruhusu niinuse. Nesi wetu alikuwa kijana mrefu, mcheshi, tuliyezoea kumwita daktari kama tunavyowaita manesi wote, naye akaniita mathe, yaani mama, tangu siku hiyo. "Mathe, hii si maziwa," akasema, na akaitundika juu ambako pua yangu haikufika.

Nikawa ninarudi kila baada ya wiki tatu. Kilichokuja kwanza ni mwasho. Ulianza mgongoni, pale mkono usipofika, ukashuka mpaka miguuni. Nilijikuna kwa kila kitu kilichokuwa nyumbani kwangu, na baada ya utafiti wa siku kadhaa nikagundua kwamba hakuna chombo kinachoshinda gunzi la mahindi lililokauka vizuri. Mume wangu akinikuta nimejikwaruza kwenye kizingiti cha mlango alikuwa akisema, "Hata wale ng'ombe wako na mti wao, wewe tafuta wako." Nilimwambia nesi, nikapewa krimu na vidonge, mwasho ukapungua.

Kisha ikaja baridi. Ilikuwa Januari, jua limewaka mpaka vumbi la barabarani linachoma nyayo, na mimi nimevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Nilikuwa nalala mchana kama paka. Hilo nalo nililisema. Wakapima damu, wakaniambia askari wangu wameishambulia tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili moto wake. Nikaandikiwa kidonge kidogo cha kila asubuhi, cha maisha. Sikusikitika sana. Nilikuwa nimeketi kitandani nikijishika shingo, nikijiuliza wataelekea wapi tena.

Huku nyumbani, akina mama wa kanisa walikuwa wakinijia na chupa za supu ya mifupa iliyochemshwa na magome ya miti, kila mmoja na mti wake. Wote walikuwa na neno moja, kuongeza kinga. Niliwaambia kinga yangu imezidi, natafuta wa kumgawia. Walinitazama kwa huruma, wakadhani ugonjwa umepanda kichwani. Supu yao mume wangu aliinywa yote, na nadhani hakuna mwanamume aliyekuwa na kinga kama yake kutoka Njoro mpaka Gilgil.

Kwa hiyo usinifikirie kwamba tangu mwanzo nilikuwa mtu wa kuficha. Nilikuwa mgonjwa wa mfano. Kilichonibadilisha ni kiti.

Kwenye chumba cha dawa tulikuwa tukikaa kwa mstari, na jirani yangu alikuwa mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Keringet. Yeye alikuwa na saratani yake nyingine, lakini dawa yetu ilikuwa moja. Tulizoeana. Alinifundisha jinsi ya kujua kiazi kilichopigwa na baridi kwa kukigonga, nami nikamfundisha kunusa maziwa. Siku moja nikamsikia akimwambia nesi kwamba amekuwa akikohoa na pumzi inamkatikia ngazini. Aliitwa pembeni. Nilisikia maneno mawili, "tumesimamisha dawa." Nilipokuja mara iliyofuata, kwenye kiti chake alikuwa mtu mwingine.

Sikuuliza yuko wapi. Mimi, niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Nilikuwa nimeingizwa kwenye mpango wa kusaidiwa dawa, na nilijua kuna wengi wanaosubiri nafasi yangu. Hesabu niliyoipiga kichwani ilikuwa rahisi. Mzee alisema, akasimamishwa, akafa.

Tumbo langu liliharibika baada ya chupa ya tano. Tulikuwa tumepitia Kikopey tukitoka mazishini upande wa Naivasha, tukala mbuzi, na kesho yake nikaanza kwenda choo. Nilifurahi kuwa na wa kumlaumu. Lakini mbuzi gani wa kukaa tumboni wiki mbili? Nilikwenda mara tatu kwa siku, kisha tano, kisha nikawa naujua mlango wa choo kuliko wa jikoni. Rangi niliitazama, harufu nikaipima kama nilivyozoea kazini, na siku moja nikaona uzi wa damu. Nilijua. Askari walikuwa wamekosea nyumba tena, na safari hii walikuwa wameingia na marungu. Niliogopa hata nikasahau kula, na bado sikumwambia mtu wa kliniki.

Mume wangu nilimwambia ni yule mbuzi, na kwamba daktari anajua. Yeye ni mtu wa kuamini. Ni mfugaji, na kwa mfugaji tumbo la kuhara lina dawa yake. Akaenda duka la dawa za mifugo akarudi na pakiti za unga wa ndama, zenye picha ya ndama aliyesimama akionekana mwenye furaha.

"Mtoto wa ng'ombe na mtoto wa mtu, tumbo ni tumbo," alisema.

Nikasema, "Baba, na kipimo?"

Akageuza pakiti. Kipimo kilikuwa kwa kilo. Hatuna mizani nyumbani, ila tuna ule utepe wa kuzungushia ng'ombe kifuani, unaosoma uzito kwa upana wa kifua. Akaniambia ninyanyue mikono. Nilisimama katikati ya sebule, shangazi mtu mzima, bibi ya watu, nikazungushiwa utepe wa ng'ombe, na wote wawili tulikuwa tukicheka. Kisha akasoma nambari. Akasoma tena. Akaacha kucheka na kuukunja utepe taratibu, pindo juu ya pindo.

"Umekuwa mdogo hivi lini?" akauliza.

Nilikunywa ule unga siku nne. Una ladha ya chumvi na sukari na kitu kingine kama chaki. Tafadhali usinifuate. Kuhara kulipungua kidogo, au nilijidanganya kwamba kumepungua kwa sababu nilikuwa nimeacha kula. Na hapa ndipo nilipofanya ujanja ambao ningemrudisha nao mkulima yeyote. Siku moja na nusu kabla ya kliniki nilikuwa nafunga, nakunywa maji tu, ili nikiulizwa nimeenda choo mara ngapi leo, niseme mara moja na iwe kweli. Hata wale wa foleni walikuwa hivyo. Hawakusema uongo, walichanganya tu maziwa ya ng'ombe mgonjwa na ya mzima kisha wakajibu walichoulizwa.

Ujanja huo ulipita mara moja, nikatundikiwa chupa ya sita. Nilishangilia kimoyomoyo.

Mara ya pili miguu ilikuwa haina nguvu, na mume wangu, ambaye kwa kawaida hubaki nje akisoma gazeti la watu wengine, aliingia akinishika mkono. Nesi akafungua faili.

"Haya mathe, choo?"

"Kawaida," nikasema, nikitazama mashine ya kupima presha.

"Mara ngapi leo?"

"Mara moja."

Mume wangu akatabasamu, kwa furaha ya mtu anayeshukuru. "Sasa amepata nafuu, daktari. Ile dawa ya ndama imemsaidia sana. Juzi ilikuwa mara nne peke yake, si kama last week."

Kalamu ya nesi ilisimama. "Dawa ya nini, mzee?"

"Ya ndama," akarudia polepole na kwa sauti, akidhani nesi ana shida ya kusikia.

Nimewahi kuaibika maishani, lakini sijawahi kutamani sakafu ipasuke kama siku hiyo. Nesi hakucheka. Aliniangalia, akaangalia ile mashine ya presha niliyokuwa nikiikodolea macho, akatoka kumwita daktari.

Daktari alikuja akavuta kiti. Afadhali angenifokea. "Mum, kwa nini hukutuambia?"

"Mngenirudisha," nikasema. Kisha nikalia, nikasema yote kwa pamoja, mbuzi, damu, kufunga, na mzee wa Keringet aliyesema ukweli akafa.

"Nani amekufa?" akauliza daktari.

Nililazwa siku hiyo hiyo. Waliingiza kamera, wakaona utumbo umechubuka sehemu ndefu. Daktari aliniambia wazi kwamba ningekaa nayo muda kidogo zaidi ungeweza kutoboka, na hapo saratani isingekuwa na haja ya kuniua. Nikapewa dawa kali za kuwatuliza askari, ambazo zilinifanya nile kama mchunga ng'ombe na kuongea bila kupumzika. Kuhusu dawa yangu, alisema imesimamishwa.

"Mpaka lini?"

"Hatutairudia, mum. Utumbo wako hauwezi."

Siku tatu sikuongea na mume wangu. Alikuja kila adhuhuri na chupa ya uji, akaketi, akaeleza habari za ng'ombe mmoja mmoja, mimi nimegeukia ukuta. Niliona yeye ndiye aliyeniua kwa mdomo wake. Siku ya nne alisema, akiwa anafunga chupa, "Ningejua ni siri, bado ningesema." Nikageuka. Nilimwona amekonda yeye pia, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikijikokota kwenye korido ya hospitali na fremu ya kutembelea, nikasikia mtu akikohoa kikohozi cha kawaida cha mzee. Alikuwa ameketi na kofia magotini, na mashavu yamejaa. Nilimtazama mpaka akaona haya.

"Madam wa maziwa!" akasema. "Mbona unaniangalia kama umeona shetani?"

"Nilisikia ulisimamishwa dawa."

"Ee, nilisimamishwa kitambo. Mimi sasa nakuja tu kupigwa picha. Kifua kilitulia. Juzi nimetoa viazi gunia mingi, ungekuwa na njia ningekuletea."

Ilibidi niketi kando yake. Wakati wote ule nilikuwa nimemzika mtu aliye hai kwa sababu sikutaka kuuliza swali moja. Nilimwambia nilichofanya, pamoja na utepe wa ng'ombe. Alicheka mpaka wakamletea maji, kisha akafuta macho akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe ulitaka kuumbuliwa kwa choo?"

Hata hivyo habari yake haikuwa dawa yangu. Picha yangu ilionyesha vidoa vya mapafuni vimepungua kidogo, na daktari alisema kuna watu ambao askari wao huendelea na kazi hata dawa ikishakoma, na kuna ambao hurudi kukaa chini.

"Mimi ni wa wapi?" nikauliza.

"Sijui, mum. Tutapiga picha ingine, tuone."

Nilirudi nyumbani na hilo jibu. Nimezoea kazi ambayo jibu huja kwa pumzi moja, na sasa ilinipasa kukaa miezi na mkebe uliofungwa. Tumbo lilipona, nguvu zikarudi kidogo kidogo, nikaanza kukamua ng'ombe mmoja yule mpole. Lakini mwasho ulikuwa umekwisha kabisa, ngozi imetulia, na utulivu huo ndio ulioniogopesha. Nilijipapasa kutafuta dalili yoyote kwamba bado kuna mtu kazini. Nani angeamini kwamba siku moja ningeukosa mwasho?

Mwezi wa nne bila dawa, nikiosha ndoo, niliona doa jeupe nyuma ya mkono wangu wa kulia, dogo kama punje ya maharagwe. Nilifikiri ni sabuni. Nikasugua, halikutoka. Baada ya siku chache kope za jicho moja zikaanza kuwa nyeupe. Jirani alisema ni ile spiriti ya kazini inanifuata. Mwingine aliuficha mkono wake asinisalimie, akidhani ni ukoma. Nusu siku nilivaa mikono mirefu. Nusu siku tu. Kisha nikakaa jikoni nikampigia nesi simu mwenyewe, bila kuulizwa, nikamwambia lilipo, ukubwa wake, na siku nilipoliona.

"Tuma picha, mathe," akasema. Nikatuma. Daktari akanipigia kabla ya saa sita.

"Unakumbuka cancer yako ilitoka kwa zile cells za rangi?" akasema. "Hao askari wamejifunza kuzitambua. Sasa wanazifuata hata kwa ngozi nzima. Hatuwezi kurudisha hiyo rangi. Pole."

"Lakini dawa niliacha."

"Ndio nakuambia, mum. Dawa uliacha. Wao hawajaacha. Si promise. Picha ndiyo itasema. Lakini ningekuwa wewe, singeskia vibaya."

Picha bado, ni mwisho wa mwezi huu, na ninaiogopa. Ila kila asubuhi baada ya kukamua ninatoka uani penye jua, mume wangu ananishika kiganja, na kwa kalamu ya biro ninalizungushia lile doa mstari mwembamba, pembeni kabisa, kwa uangalifu. Kesho yake tunatazama. Mimi na yeye, vichwa vimegusana, tunaomba likue.

Leo limeuvuka mstari.